Karatasi Chafu ya Sekretere

Simwamini mtu anayeingia kwenye matanga na viatu vinavyong'aa. Mwenye huzuni hana nafasi ya kupaka viatu rangi. Lakini yule baba, ambaye mtaa wetu wote hapa Mangobo ulimwita Sekretere, ndivyo alivyokuja kila mara: viatu vya kung'aa, shati limepigwa pasi hadi mikono inataka kusimama peke yake, na mkononi ameshika karatasi chafu kuliko zote za Kisangani. Kipande cha mfuko wa simenti. Mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita. Siku moja niliona karatasi iliyofungiwa samaki, ina magamba bado.

Kazi yake ilikuwa kuandika maisha ya marehemu. Kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Kabla ya jeneza kutoka, mmoja wa jamaa anasimama chini ya turubai na kuwasomea watu: marehemu alikuwa nani, alifanya nini, amewaacha akina nani. Familia isiyokuwa na karatasi inaona haya. Na kwa sababu machozi na kalamu havikai pamoja, watu walimwita Sekretere. Alifika siku ya kwanza, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akauliza maswali matatu au manne, akaandika mbio mbio kama mtu anayefukuzwa na mvua. Hiyo aliiita brouillon, karatasi ya kwanza, ile ambayo haijatengenezwa. Kisha, badala ya kuificha kama mtu mwenye adabu, alisimama na kuisoma mbele ya wote.

Nayo ilijaa makosa. Sisemi makosa ya herufi, hayo mimi nisingeyajua. Makosa ya mtu mwenyewe.

Nakumbuka matanga ya mzee mmoja wa Wagenya, mvuvi. Mjane wake alikuwa amelala kwenye mkeka siku mbili, hali, hasemi. Sekretere akasimama, akakohoa, akasoma: "Marehemu alikuwa muvuvi hodari. Kila asubui alitupa wavu yake ndani ya mutoni."

Mjane akainua kichwa.

"Alitupa nini?"

"Wavu, mama."

"Wavu? Bwana yangu na wavu? Wewe unamutukana mbele ya maiti yake?" Alikuwa ameshakaa kitako. "Mgenya anatega nasa! Anafunga miti katika maji makali, anashusha kikapu kikubwa kama nyumba, na wewe unasema wavu!"

"Na ile mwaka maji ilijaa," shemeji yake akadakia kutoka nyuma, "alishika kamba ya nasa na meno!"

"Na meno! Jino mbili zilibaki pale!"

Watu wakacheka, matangani, na jeneza liko pale pale. Mjane akaomba maji ya kunywa, akaanza kusimulia, na hakunyamaza hadi jioni. Sekretere alikuwa ameinama, kalamu inakimbia.

Wengine walisema: ona akili hiyo. Mimi nilisema moyoni: ona ujanja. Mtu anayejua kukosea ili wewe useme, ni kitu gani kingine anachojua? Mwenyewe hakuficha. Alikuwa na msemo wake, aliurudia hadi ukanichosha: "Ukiomba watu ukweli, wanafunga mulango. Pita na uongo mudogo inje, watakukimbilia na ukweli mukononi."

Huo ni msemo wa nani? Wa mwalimu au wa mpelelezi? Watu walisema alikuwa karani kule Yangambi, kwenye mashamba ya majaribio, akaja na boti na sanduku moja. Wengine walisema alifundisha shule. Mimi sikumuuliza, na yeye hakusema. Ila sisi tuliopitia vita katika mji huu tunajua jambo moja: mtu anayeandika majina ya wengine, angalia karatasi inakwenda wapi.

Basi niliangalia. Akimaliza, alinakili yote upya kwenye karatasi nyeupe, herufi zimejipanga kama mshono wa mashini, hakuna doa. Hiyo aliipa familia. Ile chafu aliitia motoni, chini ya sufuria ya pondu, yale majani ya muhogo, mbele ya wapishi. Wengi waliona ni heshima kwa marehemu. Mimi niliona mtu anayefuta nyayo zake. Siku moja, watu walipokwenda makaburini, nilibaki nyuma nikachokoa majivu kwa kijiti. Nikapata pembe ndogo ya karatasi, imeandikwa "alipenda", basi. Kilichobaki kimeungua. Nilisimama pale na kijiti changu kama mjinga, nikisubiri majivu yaniambie alipenda nini.

Na lazima niseme pia siku ambayo ujanja wake ulivunja viti. Alikufa mfanyabiashara mmoja mwenye jina, baba wa kanisa, mke mmoja. Sekretere akasoma: "Ameacha watoto sita." Nyuma kabisa, karibu na kinu, msichana mmoja ambaye hakuna aliyemjua akasimama. Paji la uso lilikuwa la marehemu, huhitaji kuuliza. Akasema taratibu:

"Tuko saba."

Sitasimulia yaliyofuata. Viti viliruka, mjane alibebwa na wanawake wanne, na mimi kilemba changu sikukiona tena. Sekretere alikaa katikati ya fujo lile, magoti yamebanana, hadi watu wakachoka. Kisha akafuta sita, akaandika saba.

Nilimfuata njiani. "Papa Sekretere, ulijua?"

"Kaka yake mukubwa njo aliniambia sita."

"Sikuulizi nani alikuambia. Nauliza kama ulijua."

Akaangalia viatu vyake, vumbi lilikuwa limevikalia, na hilo lilimuumiza kuliko swali langu. "Mama," akasema, "yule mutoto ameandikwa." Akaenda zake. Je, hilo ni jibu?

Sasa mniambie mtu huyu alikuwa wa namna gani, maana nyumbani kwake mambo yalikuwa kinyume. Uwanja wake ulifagiliwa kwa mistari. Ndala zililala mlangoni mbili mbili, zimeangalia nje. Sokoni aliweza kushika mapapai yote ya mwanamke mmoja, moja moja, kisha akaondoka bila kununua. Mimi ni mshonaji, mashati yake nilishona mimi, na sijawahi kupata mteja wa mateso kama yule. Shati moja alilirudisha mara nne kwa sababu ya tundu la kifungo.

"Mama, hii tundu inaangalia upande."

"Tundu haina macho, papa."

"Inaangalia Lubunga, ng'ambo ya muto. Wenzake wote wanaangalia mbele."

Nikakasirika. "Wewe mutu unaandika marehemu wa watu kwenye karatasi ya samaki, alafu shati unataka kama ya gavana. Juu ya nini?"

"Juu shati ni mwisho. Mwisho iwe safi. Brouillon ni mwanzo."

"Katika kazi yangu hakuna brouillon. Kitambaa ukikata, umekata."

Aliinua kidole akaonyesha ukuta wangu. Pale nilikuwa nimetundika vipimo vyangu, vile ninavyokata kwanza kwa karatasi ya mfuko wa simenti kabla ya kugusa kitambaa: mkono wa shati, ukosi, mgongo wa mwanamke mnene, vyote vimejaa mistari ya mkaa na viraka.

"Na ile mikono ya simenti," akasema, "kuko mutu atavaa?"

Siku tatu nilikuwa na hasira. Mtu anayetazama ukuta wako kwa makini hivyo, utamwachaje karibu na jeneza la mtoto wako?

Hapo ndipo nilitaka kufika, na nimezunguka sana.

Binti yangu alikufa kwa homa ya siku nne. Alikuwa akiuza mikate, ile midonge ya unga tunayokaanga asubuhi, na njia yake ilikuwa ya kwenda Simi-Simi. Aliacha mtoto mmoja wa kike, miaka mitano. Sekretere alikuja siku ya kwanza kama kawaida yake, pasi, viatu, na karatasi ya kahawia. Nilimsubiri kwenye kizingiti.

"Hapana, papa. Hapa huandiki."

"Mama, juu ya nini unanifukuza?"

"Mutoto wangu hutamusoma na makosa mbele ya watu wacheke. Nitaandika mimi."

Alikunja karatasi yake. "Basi andika leo, mama," akasema. "Kesho itakuwa nguvu zaidi, itakushinda." Nikadhani ananitisha.

Mimi nilisoma miaka minne tu, kwa masista. Kule, ukifuta neno, sista alichana ukurasa mzima na unaanza upya, fimbo juu yake. Wenzangu walijifunza kuandika vizuri. Mimi nilijifunza kuchana. Usiku wa matanga na mchana wake niliandika "Binti yangu alikuwa mtoto mzuri", nikaona haitoshi, nikachana. Niliandika "Binti yangu alikuwa", nikaona mkono unapinda, nikachana. Siku ya mazishi padri alitaja jina na umri, basi. Watu waliangaliana. Wakafikiri hatukuwa na la kusema juu yake.

Na nisiwafiche, sikuacha. Nilinunua kaye, daftari la shule. Kila mwaka nilifungua ukurasa wa kwanza, nikaandika mstari, nikachana, hadi kaye ikabaki jalada na uzi. Mjukuu wangu alikua akiona hilo. Alikuwa akiniuliza: "Koko, mama alikuwa namna gani?" Nami nikajibu: "Ngoja, naandika." Yeye mwenyewe hakukumbuka kitu. Ndivyo alivyosema siku zote, na sura yake ilifungwa akisema hivyo: "Mimi sikumbuki kitu, koko. Hata uso."

Sasa ana miaka kumi na tisa. Amepata nafasi ya kwenda kusoma kilimo Yangambi. Wiki moja kabla ya boti alikaa mbele ya mashini yangu, akaweka mkono juu ya kitambaa ili nisiweze kushona.

"Koko, kule wataniuliza mama yangu. Watu wote wanaongea mama yao. Mimi nitasema nini? Nitasema koko yangu iko anaandika?"

Mashini ilisimama. Mimi si mtu wa machozi. Nilichukua kilemba, nikamwambia: twende.

Sekretere haonekani tena matangani miaka hii. Siku hizi vijana wanaandika ndani ya simu, wanasoma ndani ya simu, na marehemu wote wanafanana. Tulimkuta uwanjani kwake, kwenye kiti, mchana. Macho yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Viatu vilikuwa vimepakwa rangi bado, lakini rangi imefika hadi kwenye soksi. Shati lilikuwa nililoshona mimi, na alikuwa amelifunga kifungo kimoja juu, upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka. Mtu wa tundu la Lubunga.

"Nani?"

"Ni mimi, mama wa mashini."

"Ah. Mama mwenye alinifukuza."

"Nimekuja uniandikie binti yangu."

"Sioni tena, mama."

"Utasema, huyu mutoto ataandika."

"Nitasema nini? Mimi nilimujua kwa mikate tu. Wewe njo ulimuzaa. Lete brouillon, tutaitengeneza."

"Sina."

"Miaka kumi na ine, huna?"

"Nilichana."

Mabega yake yakatikisika. Alikuwa akicheka, bila sauti, na hilo likanipandisha hasira. Yote niliyokuwa nimeyaweka miaka hiyo yakanitoka. Nikamwambia mbele ya mjukuu wangu: wewe si mtu wa haki. Ulikuwa unaandika uongo makusudi ili kuchimba nyumba za watu. Wavu wa Mgenya, watoto sita. Unadhani sikuona?

Alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeelekea sauti yangu.

"Wavu ilikuwa makusudi," akasema. "Ile nakubali. Lakini mama, zingine nilikosa tu. Nilikuwa naogopa. Kila matanga niliogopa kuandika vibaya. Nilikuwa natafuta karatasi ya uchafu juu karatasi nyeupe ilinishinda. Ukiniwekea nyeupe, sikuandika hata jina. Watu wakasema ni akili. Mimi nikawaacha."

Sikujua kama nimwamini. Hata leo sijui. Mtu aliyeishi kwa kusema uongo mdogo ili akupate, anaweza kukuambia hata hilo kwa kusudi. Lakini ile hofu ya karatasi nyeupe mimi ninaijua.

Akamwambia mjukuu wangu aingie ndani, alete karatasi yoyote isiyo safi. Mtoto akatoka na ukurasa wa kalenda, una alama ya sufuria katikati. Sekretere akaushika, akaulaza juu ya kimeza, akaweka vidole viwili kwenye pembe yake, akavikandamiza. Nilidhani anataka kuninyang'anya kabla sijaanza.

"Hii haitachanika leo," akasema. "Andika, mama. Andika kama mutu anapakulia wageni wengi, haangalii sahani."

"Na nikikosa?"

"Utakosa."

Niliandika. Sijui ni muda gani, kivuli cha ukuta kilifika miguuni. Mara mbili mkono wangu ulikwenda wenyewe kuchana, na mara mbili ukakuta vile vidole, vimekauka kama vijiti, havitoki. Nikapita juu ya kosa nikaendelea. Mistari ilipanda, ikashuka, ikapita juu ya alama ya sufuria. Nilipomaliza niliona haya kusoma. Nikampa mtoto kwa ukali: "Soma wewe. Na usicheke."

Akasoma kwa sauti, polepole, maana mwandiko wangu ni msitu.

"Mama yako alikuwa anauza mikate. Alikuwa anaamuka saa kumi. Alikuwa mupole. Aliimba kanisani, sauti ilikuwa kubwa kuliko yeye. Alikubeba mugongoni kila siku mupaka Simi-Simi..."

Akasimama hapo.

"Nini?" nikamuuliza. "Hujui kusoma?"

"Hapana, koko. Haiko vile."

"Haiko vile namna gani?"

"Hakunibeba." Alikuwa akiangalia karatasi, lakini hasomi tena. "Nilikuwa natembea. Nilikuwa mbele. Yeye alikuwa na beseni ku kichwa, hawezi kuangalia chini. Mimi njo nilikuwa naangalia chini. Nilikuwa namuambia: mama, shimo. Mama, maji. Mama, kinga inakuja, kengele inalia. Na yeye ananiita mukubwa: asante, chef."

Kuku wa jirani alipita kati yetu, hakuna aliyemfukuza. Mimi nilikuwa nabaki nyumbani na mashini yangu asubuhi zile zote. Nilimwona akitoka na mtoto mgongoni, nikafunga mlango. Kumbe kwenye kona alimshusha.

"Nani alikuambia hiyo?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ya mashaka, kwa sababu sina nyingine.

"Hakuna mutu, koko."

"Ulisema hukumbuki kitu."

"Sikukumbuka." Alikuwa amejishika shingo kwa mkono, kama mtu anayetafuta mkufu. "Ni juu umeandika mugongoni, njo nimekumbuka."

Vidole viwili vya Sekretere havikutoka kwenye pembe ya karatasi. Aligeuza kichwa kidogo upande wangu na kusukuma kalamu juu ya kimeza hadi ikagusa mkono wangu. Nikapiga mstari mmoja juu ya "alikubeba mugongoni", na juu yake nikaandika, herufi zinakanyagana: mama, shimo. Mama, maji.

Nilipoinua macho nimwombe yanayofuata, mjukuu wangu alikuwa amevuta kigoda, amekaa bega kwa bega nami, na kidole chake kilikuwa kimerudi juu, kwenye mstari wa kwanza.

"Na hapa pia umekosa, koko," akasema. "Mama hakuwa mupole."